Unahamia Kisumu kutoka Pwani? Beba mbuzi, mengine utayapata hukohuko

Siku tunapakia mizigo Changamwe nilimwambia kijana wa lori, chonde usisahau mbuzi yangu, iko jikoni nyuma ya mlango. Akanyamaza, akaniangalia, alafu akasema "mama, hatukuongea mambo ya mifugo, na mbuzi hawezi kukaa juu ya magodoro safari yote hiyo." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikaingia jikoni nikamtolea, kigoda cha mbao na kile chuma cha meno kwa mbele, nikamwambia mbuzi ndo huyu, hali majani, anakuna nazi. Akasema basi huyo tutambeba bure.

Sasa ni mwaka wa tatu niko Kisumu na kila baada ya muda kuna mtu wa nyumbani ananipigia, kazi imemleta huku au mume amehamishwa, na sauti yake ni kama ya mtu anapelekwa jela. Ndo nikaona niandike mara moja nimalize, manake maswali ni yaleyale. Nitasema vile nimeona mimi, mwenye ameona tofauti naye aandike yake. Kikubwa ni kimoja, usije huku kuitafuta Mombasa. Utaikosa na utakonda. Njoo kama mgeni hasa, wa kuuliza na kukosea na kuchekwa, utaona vile watu watakushika mkono.

Tuanze na mizigo. Punguza. Mimi nilibeba kabati la nguo la marehemu nyanya, limefika Ahero na mguu mmoja, na huku Kibuye kuna mafundi wanachonga makabati mazuri na unasimama hapo ukiangalia. Kibuye ni soko kubwa kweli, siku zote liko lakini Jumapili ndo lenyewe, vitanda, masofa, mitumba, sufuria, jiko, masanduku ya bati, kuku, mboga, kila kitu. Hivyo vitanda na meza uza huko kwenu uje na pesa mkononi. Ukitaka lori la bei nafuu ulizia Kongowea, yale yanayoleta vyakula kutoka bara hua yanarudi na nafasi, mnapatana na dereva mwenyewe. Lakini patana yote kabla mzigo haujapanda, hadi nani atashusha, manake mimi nilifika nikaambiwa "bei ilikua ya kubeba, sio ya kushusha". Haya.

Vitu vya kubeba usiache: neti za mbu, feni, viungo vyako vya pilau, na mbuzi. Alafu leso. Pita Biashara Street ununue jozi sita saba na usizitumie, ni za kupeana. Jirani wa kwanza, mama wa mboga, bibi wa mwenye nyumba. Na mabuyu ya watoto wa ploti. Watoto wakishakujua wewe ndo mama wa mabuyu hakuna kitu utapoteza kwa hiyo ploti, hata ndala ikibebwa na mbwa utaletewa.

Safari yenyewe usiifanye yote usiku. Lala Nairobi, alafu toka asubuhi, kutoka hapo ni kilomita kama 350 na ni vizuri uzione kwa macho. Unapita Nakuru, unapanda Mau Summit, unafika Kericho kumejaa chai kijani kila upande na baridi inakung'ata, unavaa sweta. Alafu barabara inaanza kushuka na unavua sweta pole pole, ukifika Awasi joto limeshakukaribisha, Ahero unaona mashamba ya mpunga yamejaa maji na ndege weupe, unajua sasa umefika tambarare ya Kano. Mimi hapo Ahero ndo moyo ulitulia kidogo. Nilisema mahali wanalima mchele sitakufa njaa.

Na kuna jambo sikuwa nalijua mpaka nilipofika. Ile reli ya zamani iliyoanza kujengwa kwetu Mombasa mwaka 1896 ilikua inakuja hapa, ikafika ziwa Victoria Disemba 1901, na mji wakauita Port Florence kwa jina la mke wa injinia. Kwa hivo Mombasa na Kisumu ni mwanzo na mwisho wa kamba moja. Hilo hua nawaambia wale wanaolia ati wanatupwa mbali. Kisumu yenyewe ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2001, lakini ni jiji la kutembea kwa mguu, ukikaa mwezi unaanza kukutana na watu unaowajua kwa barabara ya Oginga Odinga.

Nyumba sasa. Hapa nisikilize vizuri. Usikodishe ukiwa mbali kwa picha za simu. Mimi nililipa ejenti pesa ya kuonyeshwa nyumba, tumefika naye mlangoni, akabisha, ikafunguliwa na mwenye nyumba anakula chakula chake cha mchana. Yaani kuna mtu anaishi. Ejenti akasema ngoja nipige simu, akatoka nje, na mpaka leo nadhani bado anapiga. Kaa kwa mtu au kwa gesti wiki moja, tembea mwenyewe Migosi, Tom Mboya, Lolwe, Mamboleo, Manyatta, Nyalenda, kulingana na mfuko. Ukipenda upepo na kuliangalia ziwa kwa juu panda Riat. Alafu nyumba unayoipenda iendee mara mbili: mara ya kwanza saa nane mchana, jua likiwa juu, usimame ndani dakika kumi, kama hakuna dari chini ya mabati utajua mwenyewe. Mara ya pili nenda baada ya mvua. Sehemu za chini, karibu na ziwa na upande wa Kano, mvua ikikaza maji yanaingia hadi kwa watu, na udongo wake ni ule mweusi unaoshika kiatu kinabaki huko. Angalia madirisha yana wavu. Uliza wamama wa hapo maji ya mfereji yanakuja siku gani, usimuulize mwenye nyumba.

Mvua ya huku haina tabia ya kwetu. Asubuhi jua kali kabisa, unafua, unaanika, unasema leo ni leo. Ikifika saa kumi mawingu yamesimama juu ya milima ya Nandi, upepo unageuka, radi, na kabla hujafika kwa kamba nguo zishalowa. Fua mapema anua mapema. Lakini usiku sasa, ewe mtu wa Mombasa, usiku utalala. Huku tuko juu ya usawa wa bahari zaidi ya mita 1,100, ile jasho ya kushikana na shuka huku hakuna, mimi mwezi wa kwanza nilikua naamka saa tisa natafuta leso nyingine nijifunike na nilikua nafurahi kama mtoto.

Ziwa. Hili lazima niseme kwa sauti ya ukali kidogo kwa sababu sisi tukiona maji tunavua nguo. Usiogelee. Usiingize hata miguu ukae unapunga. Ziwa lina kichocho, kile cha konokono, huwezi kukiona na hukisikii kikiingia. Na jioni usiende kutembea ukingoni mahali hapana watu, viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na kiboko hana salamu. Mtu wa bahari itakuuma hiyo, kuangalia maji yote hayo bila kuingia, lakini utapata njia zingine. Pale Dunga unakodi boti, unazungushwa kwenye mafunjo, unaona ndege wa kila rangi, na kama bahati iko unaona masikio ya kiboko kwa mbali, hapo ndo umbali wake. Ziwa lenyewe kwa Kijaluo ni Lolwe, Nam Lolwe, na ukilisema hivo mbele ya wazee utaona nyuso zinafunguka. Malaria pia iko, sio mambo ya kutisha mtu ila ukanda wa ziwa ndo inasumbua zaidi nchini, neti kila siku, na ukisikia homa usinywe panadol ukalala, nenda ukapimwe.

Nimesema mabaya haraka ili nifike kwa samaki.

Siku yangu ya kwanza sokoni niliuliza changu. Mama akaniangalia, akasema "changu gani, sema unataka nini nikupe iwe yako." Nikamwambia hapana, changu, samaki. Akaita wenzake. Mpaka leo nikipita pale wananiita Changu. Samaki wa huku ujifunze upya kabisa, na hiyo peke yake ni raha ya mwaka mzima. Ngege ndo tilapia, huyo ndo wa wageni na wa Jumapili. Mbuta ni mkubwa, nyama nene nyeupe, aliletwa ziwani miaka ya 1950 akawala wenzake wengi, sasa ndo anapelekwa viwandani minofu isafirishwe nje ya nchi. Kinachobaki, mfupa na kichwa na nyama iliyokwama katikati, kinakuja sokoni kinaitwa mgongo wazi, kama ile nguo ya arusi. Usiudharau, ukikaangwa vizuri ukakaa chini na mtu mnayeelewana mtaula saa nzima mkiongea. Kuna kamongo, ambaye ana sura ya nyoka na wengine hawamli kabisa, mimi bado niko upande wa wasiomla. Kuna mumi, ndo kambare. Na kuna omena, dagaa wa ziwani.

Kabla ya kununua ngege fungua matamvua uone wekundu, jicho liwe limetuna na linang'aa, hayo unayajua kutoka nyumbani. Kitu ambacho hujui ni swali la kuuliza: huyu ni wa ziwa, wa kizimba, au wa China? Usishangae, samaki wa barafu kutoka China wako hadi hapa kando ya ziwa, na wa kufugwa kwenye vizimba majini pia wako, si vibaya, lakini bei isiwe moja. Muuzaji akicheka kabla ya kujibu, ongeza macho.

Ukitaka kumla nenda kwa mama anayepika mwenyewe, si hoteli ya vitambaa mezani. Angalia vile anafanya. Anamtoa magamba, anamchanja chale tatu nne kila upande mpaka karibu na mfupa, chumvi, alafu ndani ya mafuta mengi yanayochemka, hamgeuzi geuzi, anamwacha mpaka ngozi inakuwa ngumu inagonga. Anamtoa. Kwa sufuria nyingine vitunguu, nyanya nyingi zilizoiva mpaka zinavunjika, dania, maji kidogo, anamrudisha mzimamzima atulie humo dakika chache, ngozi inakunywa mchuzi lakini haiachi ukavu wake. Ugali unakuja kwa sahani yake kama mlima, na maji ya kunawa. Uma hakuna na usiulize. Mimi nilikua mtu wa samaki wa kupaka, nilikua naamini samaki bila tui ni mgonjwa, nilinyamaza siku hiyo.

Omena nilichukua muda. Inapimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili. Siri yake ni kuosha, maji ya moto kidogo, unasugua taratibu, unamwaga, tena, tena, mpaka mchanga uishe chini ya bakuli, alafu unaikausha kwa karai bila haraka mpaka inalia chwachwa, ndo sasa vitunguu na nyanya. Wanaoichukia walipikiwa na mtu mwenye haraka, mara nyingi shuleni. Na weka akiba mapema, manake kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hua unafungwa ziwani ili zizaane, na bei inapanda.

Salamu ni kazi ya siku ya kwanza. Kiswahili kitakufikisha kila mahali, ila chako cha pwani watakifurahia kama redio, watakuambia rudia tena. Shikamoo hawaitumii sana, huku ni mkono, unampa kila mtu mkono hata wakiwa kumi na wawili na umechelewa. Shika maneno machache ya Kijaluo: oyawore asubuhi, oimore jioni, idhi nade ukimuuliza mtu hali na yeye atasema adhi maber, erokamano ni asante, oriti ni kwaheri. Mzee unamwita jaduong'. Utakosea matamshi na watacheka, sio kwa ubaya, alafu watakufundisha kwa nguvu. Mimi mama wa omena alikataa kunirudishia chenji mpaka niseme erokamano bila kuivunja katikati.

Huyo huyo siku moja alimshika binti yangu shavu akaniuliza, "huyu alizaliwa saa ngapi?" Nikafikiri anataka mambo ya kliniki. Nikamwambia asubuhi, jua limetoka tu. "Basi huyu ni Akinyi." Ikaisha hivo. Majina mengi ya huku yanakwenda na wakati, Achieng' ni wa jua la mchana, Atieno wa usiku, Akoth wa mvua, mvulana yanaanza na O, ndo maana ya kina Ochieng' na Otieno na Okoth. Sasa shuleni ana jina lake la Kiarabu kwa kitabu na kwa ploti nzima ni Akinyi, na akiitwa Akinyi ndo anaitika haraka. Mimi wananiita nyar Mombasa, binti wa Mombasa. Mama yangu alivyosikia alinuna siku mbili alafu akauliza yeye angeitwa nani.

Kwa Waislamu wenzangu, msiogope, msikiti wa Jamia uko mjini kabisa, na Waislamu wa huku ni wa zamani sio wa jana, misafara ya Waswahili kutoka pwani ilikua inafika hadi Mumias kwa Wanga karne ya 19. Hata mtaa unaoitwa Kaloleni, kama kwetu, uko, tumeukuta umetutangulia. Kitu kitakachokuchanganya ni Ramadhani. Jua la huku linachelewa kuzama kwa dakika kama 20 ukilinganisha na Mombasa kwa sababu tuko magharibi zaidi, kwa hivo mama ananipigia anatafuna tende, "ushafuturu?", na mimi bado naangalia sambusa zinaniangalia. Masaa ya kufunga ni yaleyale, manake alfajiri nayo inachelewa, lakini tumbo halijui hesabu hiyo. Mwaka wa kwanza niliacha simu ndani ya kabati mpaka adhana ya huku.

Na hilo jua lenyewe. Sisi tumekua tukiliona linatoka baharini. Huku linaingia ziwani. Chukua tuktuk saa kumi na mbili kasoro nenda upande wa Dunga au Hippo Point, kaa pale walipo watu, nunua mahindi ya kuchoma, na usipige picha ya kwanza. Linakua kubwa, linakua la rangi ya chai ya rangi, linagusa maji, wavuvi wanakua weusi kama wamekatwa kwa makasi. Mimi niliona kama mtu amegeuza nchi nje ndani.

Wikendi usikae nyumbani. Barabara ya Bondo iko Kit Mikayi, mawe makubwa yamepandana, jina lake ni jiwe la mke wa kwanza, na wazee wa hapo watakupa hadithi yake wakiwa wamekaa kivulini, usiwakate. Maseno unapita mstari wa ikweta, unaweka mguu huku na mguu huku kama mjinga, lazima. Msitu wa Kakamega uende asubuhi mapema na viatu vya kufunga. Ukiwa na siku mbili, nenda Luanda Kotieno upande feri hadi Mbita, vuka uingie Rusinga, alipozikwa Tom Mboya, na ulale huko usiku usio na mwezi uangalie majini: taa za wavuvi wa omena zimejipanga mpaka unafikiri kuna mji upande ule, na hakuna mji.

Vidogo vidogo: tuktuk mpatane kabla ya kukaa. Matanga ya jirani nenda hata kama humjui marehemu, toa kidogo ulichonacho, wataangalia kama ulikuja. Mambo ya Gor Mahia, timu yao ya mpira, sikiliza tu, usichangie, mimi nilisema Bandari, timu ya kwetu Mombasa, mara moja kwa kinyozi na mume wangu akanyolewa vibaya.

Nazi sokoni Jubilee zipo, ila bei yake utakumbuka Kongowea na machozi. Mimi nilikua nanunua mbili kwa mwezi nazificha kama dhahabu. Alafu jirani yangu akanifundisha osuga, tunayoijua kama managu, anaichemsha, anamwaga maji ya uchungu, alafu anaipika pole pole na maziwa, leo na kesho inarudi jikoni ndo inazidi kuwa tamu. Siku moja maziwa yameisha na nazi ninayo, nikakuna, nikatia tui. Nikampelekea bakuli nikirudisha lake. Alikula amesimama mlangoni. Akauliza ni maziwa ya ng'ombe gani haya.

Tangu hapo mbuzi yangu haijalala kwangu wiki nzima. Anaikopa, dada yake anaikopa, alafu mama mmoja wa kanisani kwao aliyesikia. Juzi nilikua na wageni nikamtuma Akinyi aende aichukue, akarudi mikono mitupu, "mama, wamesema mbuzi ameenda Migosi, atarudi Jumatatu."